Somo: Kuchagua saraka ya kuhifadhi akaunti zote za mtandao

Wakuu, ukiwa na kompyuta tano unaweza kuzunguka ukifungua akaunti moja moja. Zikifika hamsini, mtu akiacha kazi leo, mwezi ujao bado utakuta jina lake kwenye mashine uliyoisahau. Dawa yake ni saraka: majina na nywila vinakaa kwenye seva, mashine zote zinauliza huko.

Hatua ya 1: hesabu mashine zako kwanza. Nyingi ni Windows? Chukua Active Directory, saraka ya Microsoft. Leseni ikikushinda, Samba (programu huria ya bure) tangu toleo la 4.0 la mwaka 2012 inaifanya kazi hiyo hiyo. Nyingi ni Linux? FreeIPA inakuja na LDAP (lugha ya kuuliza saraka), Kerberos (mfumo wa kuthibitisha anayeingia), DNS (inayotafsiri majina ya mashine kuwa anwani) na vyeti vya usalama vikiwa vimeshaunganishwa. OpenLDAP ni imara, ila inakupa saraka tu, mengine utajijengea. Anayeanza simshauri.

Hatua ya 2: nyoosha DNS na saa. Wengi hukwama hapa halafu wanailaumu programu. Kwa kawaida Kerberos hukataa saa zikipishana zaidi ya dakika 5. Niliwahi kumbadilishia mtu nywila mara tatu, kila mara anakataliwa. Nikaandika `date` kwenye seva, nikaandika `date` kwake: yuko nyuma dakika saba! Washa NTP (huduma ya kulinganisha saa) kila mahali.

Hatua ya 3: seva ziwe mbili. Ukiwa na moja, siku ikizima, asiyewahi kuingia kwenye mashine husika hataingia.

Hatua ya 4: washa TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano. LDAP ya poti 389 bila TLS inaweza kupitisha nywila wazi wazi. Kisha unganisha mashine moja ya majaribio; kwenye Linux andika `id` na jina la mtumiaji. Likijibu, endelea na nyingine.

Swali: Mkuu, laptop ikiwa nje ya mtandao mtu ataingiaje?
Jibu: Windows hukumbuka walioingia karibuni. Linux weka `cache_credentials = true` kwenye SSSD (huduma ya Linux inayouliza saraka). Lakini lazima awe ameshaingia angalau mara moja akiwa mtandaoni.

Swali: Nina Windows 30 na Linux 4. Niweke saraka mbili?
Jibu: Hapana, utajitesa. Weka Active Directory au Samba, hizo Linux ziunganishe kwa amri ya `realm join`.

Swali: Na Wi-Fi je?
Jibu: Weka FreeRADIUS (seva inayothibitisha wanaoingia Wi-Fi kwa kuuliza saraka) katikati. Angalizo: PEAP yenye MSCHAPv2 (njia ya kuingia Wi-Fi kwa jina na nywila) haiwezi kutumia nywila zilizohifadhiwa kwa SSHA (namna mojawapo ya kuficha nywila), inataka NT hash (namna ya Windows). Kwenye OpenLDAP liamue hili kabla hujaingiza watumiaji, la sivyo kila mtu ataweka nywila upya.