Jinsi ya kupima programu za kuhariri video kabla ya kuchagua ya kujifunza

Usichague kwa kusoma orodha ya sifa. Programu zote kubwa zinakata, zinaunganisha na kurekebisha rangi. Tofauti huonekana pale kazi inapokwama, kwa hiyo zipe zote kazi ile ile, kwenye kompyuta yako mwenyewe.

Andaa folda moja: klipu tano za kamera, mbili za simu, sauti iliyorekodiwa kando, picha moja na muziki. Lengo liwe video ya dakika 2 yenye maandishi mwanzoni. Klipu za simu usiziache, maana ndizo hufichua mengi. Simu nyingi hurekodi kwa kasi ya fremu (idadi ya picha kwa sekunde) inayopanda na kushuka, hivyo sauti huanza sawa na midomo kisha huachana nayo kadiri klipu inavyosonga. Hapo usiilaumu programu kwanza: pitisha klipu kwenye HandBrake, programu ya bure ya kubadili video, chagua kasi ya fremu isiyobadilika, ndipo uiingize upya.

Video ikigandaganda wakati wa kuitazama, sababu mara nyingi ni H.264 au H.265. Kodeki hizi, yaani njia za kubana video, hubana kwa kutunza mabadiliko kati ya fremu na fremu, kwa hiyo kompyuta hulazimika kufungua fremu kadhaa ili ikuonyeshe moja. Tengeneza proksi, yaani nakala nyepesi za kuhariria, za ProRes Proxy au DNxHR LB, zenye nusu ya upana na urefu wa picha ya awali, ukate kwa hizo. Zitakula nafasi ya ziada kwenye diski, kubali tu.

DaVinci Resolve ndiyo ya kuanza nayo kwa asiye na bajeti. Toleo la bure hutoa video hadi 3840 × 2160 kwa fremu 60 kwa sekunde, na rangi, sauti na michoro vimo ndani. Lakini inaitegemea sana kadi ya michoro. Kumbukumbu ya kadi ikijaa, kazi husimama. Kwenye Linux, toleo hilo la bure halisomi H.264 wala sauti ya AAC. Weka kasi ya fremu ya mradi kabla ya kuingiza klipu ya kwanza, maana baadaye inajifunga. Tena, mradi hukaa kwenye hifadhidata yake, si kwenye folda ya video. Anayenakili folda peke yake hajabeba mradi: toa faili la .drp, au .dra ukitaka na video zake.

Premiere Pro hulipiwa kwa usajili, na malipo yakikoma huwezi kuendelea kuhariri. Nguvu yake ni kuungana na After Effects, programu ya michoro inayosogea, ambapo mchoro ukibadilishwa huko hubadilika na huku. Final Cut Pro ni ya Mac na iPad tu. Klipu zake husogea zenyewe kuziba pengo. Anayeanza hufurahi, aliyezoea njia za video na sauti (tracks) zilizopangwa juu kwa juu huhangaika wiki za kwanza. Media Composer ni ngumu kujifunza, lakini wahariri wengi wakishika mradi mmoja, programu hufunga pipa la klipu (bin, folda ya ndani ya mradi) linalotumiwa na mmoja, wengine wakabaki kulitazama tu. Kama huna timu, iache.

Katika zote, jizoeze vitufe vya J, K, L kwa kucheza video na I, O kwa kuweka alama za mwanzo na mwisho. Vidole vikishazoea, kuhama hakuumizi sana.

Jaribio la mwisho ndilo wengi hulisahau: kukabidhi kazi. Toa XML (faili la maelezo ya mpangilio wa mikato) kutoka Premiere, uifungue Resolve. Mikato na mpangilio kwa kawaida hufika. Maandishi na efekti nyingi hupotea, na mabadiliko ya mwendo huvurugika. Kwa hiyo toa pia video nyepesi ya taimulaini (mpangilio wa klipu) nzima, uiweke juu ya mpangilio uliofika na ulinganishe mkato kwa mkato. Kwa fundi sauti toa AAF, faili la kuhamisha mpangilio wa sauti, ukiacha sekunde 2 za ziada kila upande wa klipu. Bila hizo hana pa kulainishia maungio.