Rafiki akikuuliza habari, mpe habari

"Mambo?" "Poa." "Za siku?" "Njema." Halafu kimya cha miezi. Ukitaka urafiki usikauke, chagua rafiki mmoja kila wiki, umtumie ujumbe wa sauti wa dakika mbili. Kundi la WhatsApp liache kando, maana huko kila mtu humsubiri mwenzake ajibu.

Beba jambo moja lenye sura. Kama unasoma kitabu, msomee aya iliyokushika na umwambie unabishana nayo wapi. Mimi sasa ninasoma Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, kikatoka kwa Kiswahili 1980. Rafiki yangu wa Sengerema nilimtumia sehemu ya Myombekere kwenda ukweni kumfuata mkewe, na maongezi yakahamia kwenye ndoa za kwetu mpaka usiku. (Kitabu ni kinene, lakini kinastahili kila ukurasa.)

Kwa mpiga picha, picha moja ya Jiwe la Bismarck, lile mwamba wa ziwani pale Mwanza, yatosha, mradi useme ulisimama wapi na saa ngapi. Habari za kazini zipitie haraka.

Malizia kwa swali ambalo "poa" haliwezi kulijibu: "Umepitaje daraja la Kigongo–Busisi juu ya Ziwa Victoria, kivuko umekikumbuka?" Na akikwambia mama anaumwa au mtoto ana mtihani, andika pembeni, wiki ijayo uanzie hapo.