Namna ya Kuitoa Ardhi Chini ya Maji: Utaratibu wa Polda za Uholanzi

Ziko njia mbili za kuipata ardhi iliyofunikwa na maji. Ya kwanza ni kumwaga udongo hadi kina kiishe, kama kilivyojazwa kidogo kidogo kijito kilichokuwa kikitenganisha Mji Mkongwe wa Unguja na Ng'ambo. Ya pili ni kuyazungushia maji tuta, kuyatoa nje, kisha kukaa pale pale chini, palipokuwa sakafu ya ziwa au ya ghuba. Ardhi ya namna hii Waholanzi huiita polda, na mwongozo huu unahusu njia hiyo ya pili, kwa kuwa ndiyo inayotoa mashamba mapana kwa udongo mchache. Ieleweke mapema kwamba ardhi iliyojazwa husimama yenyewe, ilhali polda hubaki kavu kwa muda ule tu ambao pampu zinafanya kazi.

Kinachopimwa kwanza ni sakafu, na si kina peke yake. Chimba sampuli za udongo mahali pengi, maana mchanga mtupu haulipi gharama, na kinachotafutwa ni udongo laini wa mfinyanzi ulioletwa na mito au bahari. Tope la mikoko ni jambo jingine: lina madini ya chuma na salfa ambayo hayana neno yakiwa majini, lakini yakikauka na kupata hewa hugeuka asidi kali inayoua mazao. Mwenye kusoma haya huku akiitazama mikoko ya pwani yetu ni bora aishie hapa.

Ardhi ya majirani nayo ipimwe. Waholanzi walipokausha Noordoostpolder, iliyokamilika mwaka 1942, waliiunganisha moja kwa moja na nchi kavu ya zamani. Maji ya chini ya ardhi yakaanza kutiririkia kwenye polda iliyo chini zaidi, na mashamba ya jirani yakakauka. Kwa hiyo polda ya Flevoland, iliyokaushwa kwa awamu mbili mwaka 1957 na 1968, ilitengwa na nchi kavu kwa mlolongo wa maziwa membamba. Acha ziwa la namna hiyo, hata kama kwenye ramani linaonekana kupoteza eneo. Wavuvi nao washughulikiwe kabla ya kazi, kwani ghuba ya Zuiderzee ilipokuwa ikingoja kufungwa, sheria ya kuwasaidia wavuvi wake ilitungwa mwaka 1925, miaka 7 kabla ya tuta kukamilika.

Tuta linahitaji msingi unaobeba. Tope laini lichimbwe na mtaro wake ujazwe mchanga, la sivyo tuta litatitia upande mmoja na kupasuka. Kiini chake huwa mchanga, uso huvikwa mfinyanzi usiopitisha maji, na upande wa mawimbi hupangwa mawe juu ya mikeka ya fito, ambayo husukwa nchi kavu, huburutwa ikielea, kisha huzamishwa kwa kumwagiwa mawe ili mkondo usichote mchanga. Sehemu ngumu ni pengo la mwisho, kwa sababu kadiri linavyopungua ndivyo maji yanavyolipita kwa kasi na kuchimba. Sakafu ya pengo itandikwe mikeka mapema, na pengo lenyewe lifungwe siku za maji mafu, kupwa na kujaa kunapokuwa kudogo, wala si za bamvua. Afsluitdijk, tuta la kilometa 32 lililoifunga Zuiderzee tarehe 28 Mei 1932, lilifaulu kwa msaada mkubwa wa mfinyanzi mzito wenye mawe ulioachwa na barafu ya kale, ambao mkondo hauuchukui upesi.

Mifereji mikuu ya ndani ichimbwe na mashua za kuchimbia wakati maji yangalipo, kwa kuwa hakuna mashine itakayopita juu ya tope baadaye. Kisha maji yatolewe bila haraka mno, maana yakishuka ghafla, mteremko wa ndani wa tuta, ambao bado umelowa, huporomoka. Ziwa Beemster lilikaushwa mwaka 1612 kwa vinu vya upepo vilivyopangwa kwa ngazi, kila kimoja kikiyainua maji kidogo na kumpa mwenzake, mpaka yafike kwenye mfereji unaoizunguka polda. Haarlemmermeer, mahali ulipo leo uwanja wa ndege wa Schiphol, lilimalizwa na mitambo mitatu ya mvuke kati ya mwaka 1849 na 1852.

Maji yakiisha hubaki uji wa tope usiotembeleka, na hapa ndipo wengi hukosea. Baada ya Haarlemmermeer kukauka, viwanja viliuzwa upesi, na walowezi wa kwanza wakaachwa na matope, homa na hasara. Huko Flevoland serikali ililima yenyewe kwa miaka kadhaa kabla ya kuwapa wakulima. Mbegu za matete zilimwagwa kwa ndege juu ya tope, nayo matete yakanyonya maji, yakazuia magugu na kuusaidia udongo kupata nyufa za kupitishia hewa. Baadaye yalichomwa, mitaro ikachimbwa, ukapandwa mmea wa mafuta wa jamii ya haradali, kisha nafaka. Mvua huosha chumvi kupitia nyufa hizo. Pale udongo unapokataa kupitisha maji kwa sababu ya chumvi, huwekwa jasi.

Kujua kama udongo umekomaa hakuhitaji maabara. Chukua donge, lifumbate kwenye kiganja na ulikamue. Likichuruzika katikati ya vidole kama uji, udongo bado haujakomaa na trekta litazama. Likibaki kiganjani na kushika alama za vidole, mitaro ya wazi yaweza kubadilishwa kwa mabomba yenye matundu yaliyofukiwa. Udongo ukikomaa hushuka, na sehemu nyingine za Flevoland zimeshuka kwa zaidi ya mita moja, hivyo majengo yasimamishwe juu ya nguzo zilizopigwa hadi kwenye mchanga imara.

Kinachobaki ni ulinzi wa kila siku, ambao Uholanzi hufanywa na mabaraza ya maji yaliyoanza karne ya 13 na yanayotoza kodi yao wenyewe. Igawe polda kwa tuta la ndani, ili tuta moja likibomoka isizame yote. Polda ya Wieringermeer, iliyobomolewa tuta na jeshi la Ujerumani Aprili 1945, ilijaa ndani ya siku mbili. Wakati maji ya nje yako juu, mlinzi atembee kwa miguu chini ya mteremko wa ndani, akitafuta chemchemi ndogo. Ikitoa maji safi, aiwekee alama na kuirudia. Ikibubujisha mchanga, asiizibe, kwani maji yatatokea pengine. Apange magunia ya mchanga kuizunguka kama kisima, na kuyapandisha hadi maji yaliyomo ndani yasimame juu kiasi cha kuulemea mkondo, mchanga uache kutoka.