Kabla Hujaanza Kusomea Leseni ya Redio ya Ridhaa: Mambo ya Kuzingatia Ukiwa Dar

Mtu akishasikia kwamba kuna leseni inayomruhusu raia wa kawaida kurusha mawimbi na kuongea na watu wa Japani au Brazili bila laini wala bando, jambo la kwanza analofanya ni kwenda Kariakoo kuulizia bei ya redio ya upepo. Namwelewa. Lakini kama unajiandaa kwa leseni ya kwanza, ningekushauri redio iwe kitu cha mwisho kununua.

Kwanza, bila kusoma huwezi kujua unauziwa nini. Muuzaji atakushikisha Baofeng nyeusi, ataibonyeza itoe mlio, kisha atakwambia, "Bosi, hii inashika mpaka Chalinze." Hapo ndipo hesabu inapoanza kukulipa kabla hata ya mtihani. Kwenye masafa kama megahezi 145, mawimbi husafiri karibu kama mwanga, yakifika upeo wa macho safari yake kwa kawaida imeishia hapo. Chukua kipeuo cha pili cha kimo cha antena yako kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha antena ya mwenzako, kisha zidisha kwa 4.12. Jibu ni umbali kwa kilomita. Watu wawili waliosimama barabarani, redio zikiwa mita 1.5 kutoka chini, wanapata kama kilomita 10, na hapo tumejifanya hakuna ghorofa hata moja katikati. Panda juu ya jengo la mita 36 pale Posta, mwenzako abaki chini: kama kilomita 30. Kibaha kwenyewe hujafika, sembuse Chalinze.

Pili, redio hiyo hiyo inaweza kurusha kwenye masafa ya walinzi, ya meli na ya watu wengine wenye kazi zao, na haitakuuliza kama una ruhusa. Kurusha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya 2010, na "nilikuwa najaribu tu" si utetezi. Vifaa vyenyewe navyo vinatakiwa viwe vya aina iliyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA. Kwa hiyo iache dukani kwanza, haitakimbia.

Jiulize pia unataka leseni hii ya nini. Redio ya ridhaa ni ya ridhaa kweli, kama ndondi za ridhaa: Kanuni za Redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinaielezea kuwa ni huduma ya kujifunza, kuwasiliana na kufanya uchunguzi wa kiufundi, bila maslahi ya fedha. Ukitaka kuratibu bodaboda zako au walinzi wa ghala lako Chang'ombe, hiyo ni leseni nyingine kabisa. Kanuni hizo pia hazikuruhusu kuficha maana ya unachosema kwenda nchi nyingine, hivyo mambo ya mafumbo na nywila yaache WhatsApp. Watu wengine wakijua hivi hamu inawaisha, na ni bora iishe mapema kuliko baada ya kulipa ada.

Sasa mtihani. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa peke yao wanapopoteza muda, kwa sababu wanapakua kitabu cha kwanza wanachokiona mtandaoni, nacho karibu kila mara ni cha Marekani. Kabla ya kusoma ukurasa mmoja, nenda Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma, au waandikie TCRA barua pepe, ukiwa na maswali yaliyoandikwa: ni cheti au mtihani gani unaokubalika kwa mwombaji Mtanzania asiye na leseni yoyote, ni madaraja gani ya leseni yaliyopo, kila daraja linaruhusu masafa gani na nguvu kiasi gani, ada ni ipi, na viambatanisho ni vipi. Omba majibu kwa maandishi. Jibu la mdomo la mtu wa mapokezi na jibu la mhandisi wa masafa huwa halilingani, na wewe ndiye utakayerudishwa.

Ukisikia mtu anakushauri ufanye mtihani wa Marekani kwa mtandao, jua unachoingia. Daraja lao la kwanza lina maswali 35, unafaulu kwa 26, na maswali yote yanayoweza kutoka huchapishwa hadharani, kisha hubadilishwa kila baada ya miaka minne. Kwa hiyo hakikisha orodha unayosoma haijapitwa na wakati. Mgeni anaweza kuufanya, ila wanataka anwani ya posta iliyo Marekani. Na ukifaulu, leseni ile si pasipoti: inaweza kuonyesha kwamba umesoma, lakini ruhusa ya kurusha ukiwa Tabata inatoka TCRA. Yale makubaliano ya nchi za Ulaya ya kutambuliana leseni yasikudanganye pia, maana Tanzania si mwanachama wa CEPT, chombo cha nchi hizo cha posta na mawasiliano.

Vitabu hivyo vina mtego mwingine ambao sijaona ukisemwa vya kutosha. ITU imeigawa dunia katika kanda tatu, sisi tuko Kanda ya 1 pamoja na Ulaya, Marekani iko Kanda ya 2, na bendi, yaani vipande vya masafa vilivyotengwa, hazilingani. Mmarekani husoma kwamba bendi ya mita 2 ni megahezi 144 hadi 148. Kanda ya 1 inaishia 146. Bendi ya mita 40 kwao ni 7.0 hadi 7.3, kwetu inaishia 7.2, na juu ya hapo kuna vituo vya utangazaji. Ukikariri kama kasuku utafaulu mtihani wao, halafu siku ya kwanza hewani utakuwa umeingia shamba la mtu. Toa nakala ya jedwali la Kanda ya 1, ibandike ukutani unaposomea, na kila kitabu kikitaja masafa, linganisha.

Hesabu zenyewe si za kutisha. Tafuta daftari lako la Fizikia la kidato cha nne, kama halijafungiwa karanga: mawimbi, sumaku-umeme, elektroniki. Kanuni ya Ohm, kanuni ya nguvu, na ile ya kugawa 300 kwa megahezi ili kupata urefu wa wimbi kwa mita zitakubeba mbali. Megahezi 145 ni kama mita 2.07, kwa hiyo antena ya robo wimbi ni kama sentimita 52. Fanya kwa mkono mpaka usihitaji kikokotoo. Desibeli, kipimo cha kulinganisha nguvu, ndizo zinazowasumbua wengi, na dawa yake ni kukumbuka mbili tu: 3 ni mara mbili, 10 ni mara kumi. Kisha zitumie kwenye kitu halisi. Waya mwembamba wa antena aina ya RG-58 hupoteza takriban desibeli 20 kwa kila mita 100 kwenye megahezi 145. Ukivuta mita 15 kutoka sebuleni hadi juu ya bati, umepoteza desibeli 3: wati 5 zinatoka redioni, mbili na nusu zinafika kwenye antena. Mtu aliyewahi kufanya hesabu hiyo hadanganywi tena kuhusu waya.

Morse, ile lugha ya nukta na mistari, si lazima ikuogopeshe. Mkutano wa ITU wa Geneva mwaka 2003 uliondoa sharti la kimataifa la kuijua, kila nchi ikaachiwa iamue. Jifunze baadaye kwa raha zako.

Wakati unasoma, sikiliza. Hapa sizungumzii kuchungulia mawasiliano ya polisi, hayo hayakuhusu. Kuna vipokezi vilivyounganishwa kwenye intaneti, kama cha Chuo Kikuu cha Twente kule Uholanzi, ambavyo unaviendesha kwa simu yako bila kununua chochote. Anza na megahezi 7.1 jioni, 14.2 mchana. Sauti ikitoka kama ya bata aliyekabwa, hujabadilisha mkao wa kupokea: chini ya megahezi 10 wana ridhaa kwa kawaida huongea kwa LSB (upande wa chini wa wimbi), juu yake kwa USB (upande wa juu, si ile ya waya wa chaja). Sikiliza wanavyoitana, wanavyotaja alama zao za wito herufi kwa herufi, Alfa, Bravo, Charlie, na ujizoeze kutambua nchi kwa mwanzo wa alama hizo: 5H na 5I ni Tanzania, 5Z ni mojawapo ya za Kenya, 5X Uganda, C9 Msumbiji. Maswali ya taratibu za hewani yatakuwa rahisi ukishayasikia yakitendeka.

Utagundua kila mtu anatumia saa ya UTC, saa moja ya dunia nzima, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Kwa anayehesabu saa kwa Kiswahili, njia ya mkato ni hii: mchana ongeza 3, usiku ongeza 15 (saa kumi na mbili ya asubuhi ihesabu kama ya usiku, ya jioni kama ya mchana). Saa tatu asubuhi ni 06:00 UTC. Saa mbili usiku ni 17:00. Jibu likifika au kuzidi 24, toa 24. Na kati ya saa sita na saa tisa usiku, UTC bado iko kwenye tarehe ya jana, jambo ambalo huwachanganya sana watu wanapojaza daftari la mawasiliano.

Ukipata kipokezi chako mwenyewe, usishangae ukisikia mvumo tu. Taa za bei nafuu, chaja na inveta za sola za nyumba tano zinazokuzunguka zote zinapiga kelele kwenye mawimbi. Umeme ukikatika mtaani, usinune. Chukua betri, kaa nje, sikiliza. Ndiyo nusu saa safi kuliko zote utakazopata mjini.

Kuhusu nyumba, kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba kabla hujapiga msumari. Antena ya waya ya nusu wimbi kwa megahezi 7.1 ni kama mita 20, na uwanja wa Sinza wenye urefu huo hauko kwa kila mtu. Mnazi ni nguzo nzuri, lakini uwe wako au uwe umeomba. Kaa mbali na nyaya za umeme, na masika yakikaribia chomoa antena ukiona wingu la radi. Walio Kigamboni na Msasani wanunue viunganishi vizuri na kuvifunga kwa mkanda usiopitisha maji, chumvi haina huruma.

Mwisho ni makaratasi, na hapa usifanye haraka. Angalia majina yako kwenye kitambulisho cha NIDA, pasipoti na vyeti vya shule. Yuko mtu mwenye majina matatu kwenye kimoja na mawili kwenye kingine, au Mohamed hapa na Muhammed pale. Msimamizi wa mtihani wa mtandaoni analinganisha kitambulisho na fomu herufi kwa herufi, hajali kwamba nyumbani wanakuita vyovyote. Kama kuna tofauti, mwone wakili akuandalie hati ya kiapo au ya kubadili jina kabla hujalipa ada. Siku yenyewe uwe na bando la mtandao wa pili, betri iliyojaa, na chumba ambacho hakuna mtoto atakayefungua mlango katikati ya swali la ishirini.