Ndugu wanagombania bima ya marehemu: anzeni na fomu ya mwisho

Kazi yangu ni kupokea madai ya bima ya maisha, kwa hiyo karibu kila ninayekutana naye mezani amefiwa. Wengi wanafika na swali moja: nani anastahili hizi fedha? Mama aliyemsomesha, au mke aliyemuuguza? Ni swali zito, na kampuni ya bima haina mamlaka ya kulijibu. Kampuni humlipa mtu ambaye jina lake limo kwenye fomu ya mwisho ya wanufaika iliyopokewa kutoka kwa marehemu. Basi kabla hamjaitana kikao, kabla wifi na shemeji hawajatoleana maneno yasiyofutika, itafuteni fomu hiyo.

Nasema ya mwisho kwa sababu mara nyingi zipo kadhaa. Ipo aliyojaza siku anakata bima. Ipo aliyobadilisha baada ya ndoa. Halafu ipo ile inayokutwa kabatini, imejazwa vizuri, imesainiwa, lakini haikupelekwa popote. Hiyo ya kabatini ndiyo inayowasha moto. Kwa kawaida haina nguvu kama haikufika kwenye kampuni, ingawa zipo mahakama zilizoikubali baada ya kuridhika kwamba marehemu alikwisha kufanya yote aliyotakiwa kufanya. Kwa hiyo msiichane wala msiandike chochote juu yake. Ipigeni picha mbele na nyuma, tunzeni na bahasha iliyokuwa nayo, kisha mkabidhini wakili.

Ulizeni pia kazini kwake. Waajiri wengi huwakatia wafanyakazi bima ya pamoja, na fomu yake ni tofauti na ya bima aliyojikatia mwenyewe. Mtu huijaza wiki ya kwanza ya kazi, akiwa hajaoa, anaandika jina la mama yake, basi. Miaka inapita, ana mke na watoto, fomu iko vilevile kwenye jalada. Hapo mjane anadhani mkwe wake kamzunguka, na mkwe anadhani mwanawe alimchagua yeye kwa makusudi. Mara nyingi hakuna aliyefanya hila. Ni karatasi ya zamani tu, na nawasihi mliseme hilo mapema, kwa sauti, mbele ya wote wawili.

Barua kwa kampuni isiwe ndefu. Andika jina la marehemu, tarehe ya kifo, namba ya bima kama unayo, ambatanisha nakala ya cheti cha kifo, kisha uandike: «Naomba mnithibitishie kwa maandishi kama bima ilikuwa hai siku ya kifo, tarehe ya fomu ya mwisho ya wanufaika mliyoipokea, kama kuna mnufaika mbadala, na kama bima iliwekwa dhamana ya mkopo.» Swali la mwisho husahaulika sana. Kama iliwekwa dhamana, mkopeshaji huchukua chake kwanza, na familia inagombania kilichobaki. Ukijibiwa kwamba hawawezi kukupa habari kwa sababu si mnufaika, usigombane na karani. Mwombe msimamizi wa mirathi au wakili aandike yeye.

Wosia nao huleta matumaini ambayo si yake. Fedha za bima yenye mnufaika aliyetajwa kwa kawaida hazipiti kwenye mirathi, kwa hiyo wosia unaosema «mali zangu zote ni za watoto» hauzigusi. Zinaingia kwenye mirathi pale ambapo hakuna aliyetajwa, au aliyetajwa alitangulia kufa na hakuna mbadala.

Hata hivyo, someni sheria inayotawala mkataba wenu. India, kwa mfano, Mahakama ya Juu iliamua miaka ya 1980 kwamba aliyetajwa ni mpokeaji tu na fedha ni za warithi. Mwaka 2015 sheria ikabadilishwa, na mwenza, mzazi au mtoto aliyetajwa akawa mwenye haki ya fedha zenyewe. Kwa wanandoa walioachana ni vivyo hivyo. Mfanyakazi mmoja wa serikali kuu ya Marekani alimwandika mkewe mwaka 1996, wakaachana 1998, akaoa tena 2002, akafa 2008 bila kubadilisha fomu. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtalaka ndiye abaki na fedha, dola 124,558. Lakini mwaka 2018 mahakama hiyohiyo iliona ni halali sheria ya jimbo la Minnesota inayofuta jina la mtalaka moja kwa moja, kwa bima isiyo ya mpango wa serikali kuu. Hasira zinafanana, hukumu mbili tofauti.

Mnapotaka kupinga, mjue kinachopingika. Saini ya kughushi. Marehemu kujaza akiwa hana fahamu timamu, au akishinikizwa na mtu ambaye marehemu alimtegemea. Mnufaika kuhusika na mauaji yake. Kwamba hakuja hospitali, au aliondoka nyumbani mwaka mzima, kunauma, ila si hoja ya kisheria.

Pingamizi lipelekwe kwa maandishi kabla fedha hazijatoka. Kampuni ikishamlipa kwa nia njema mtu aliye kwenye fomu, kwa kawaida imemaliza wajibu wake, na nyie mtabaki kumdai yeye. Likifika kwa wakati, kampuni inaweza kuziweka fedha mahakamani mshindane huko, na gharama zake wakati mwingine hukatwa humohumo.

Na hili naliomba kwa moyo wote: msimchome mnufaika kwa kuiambia kampuni kwamba marehemu alificha ugonjwa. Mikataba mingi huipa kampuni muda, mara nyingi miaka 2 ya mwanzo, wa kuchunguza majibu ya afya aliyotoa. Kifo kikitokea ndani ya muda huo na ufiche ukathibitika, bima yaweza kubatilishwa. Hatalipwa mjane, hatalipwa mama, hawatalipwa watoto. Kama ni kweli na kampuni inauliza, jibuni kweli. Ila msiifanye silaha ya ugomvi.

Mkielewana kugawana, andikeni: kila jina, asilimia yake, jumla iwe 100, tarehe ya kulipana, saini za wote na shahidi asiye na fungu. Anayepokea kwa niaba ya wengine apewe siku ya mwisho ya kuwafikishia. Fungu la mtoto mdogo lisichanganywe na la mama wala baba mdogo. Kampuni haitamlipa mtoto mkononi, kwa hiyo ombeni mapema mlezi au mdhamini anayetambuliwa na mahakama, na akaunti yenye jina la mtoto.