Jinsi ya kufuatilia asili ya neno la Kiingereza lenye maana nyingi: mfano wa "perch"

Hivi karibuni nilimsaidia kijana mmoja wa hapa Mwanza anayejiandaa kuongoza watalii Kisiwa cha Saanane. Neno perch lilikuwa limejaa kwenye karatasi zake, na programu ya kutafsiri kwenye simu ilimpa jibu lile lile kila mara: sangara. Sentensi ya ndege aina ya mnandi waliotua juu ya mwamba ikawa habari ya samaki. Njia niliyomwonyesha inafaa kwa neno lolote la aina hii.

Hatua ya 1: Kusanya sentensi

Usianze na kamusi, anza na sentensi zenyewe. Sisi tulikuwa na tatu: lebo ya boksi la minofu iliyoandikwa Nile perch, sentensi ya mnandi, na hati ya zamani ya shamba la Uingereza iliyotaja ekari 2, rood 1 na perch 15.

Hatua ya 2: Tenga nomino na kitenzi

Hii haichukui muda. Lebo na hati zina nomino, mnandi ana kitenzi.

Hatua ya 3: Tambua ni maneno mangapi

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza saa nyingi, kwa hiyo nenda taratibu.

Unajua kwamba paa la nyumba, paa wa porini na kupaa samaki ni maneno tofauti yaliyokutana kwenye tahajia moja. Kamusi zetu huyatenga kwa tarakimu ndogo inayowekwa juu ya neno: paa ya kwanza, paa ya pili, na kuendelea. Kamusi kubwa za Kiingereza hufanya vivyo hivyo. Tarakimu hiyo ndogo si sawa na namba zilizo ndani ya maelezo. Ile ya juu hutenganisha maneno, na zile za ndani huorodhesha maana za neno moja.

Tahadhari ya kwanza: kamusi za wanafunzi weka kando kwa kazi hii. Ni nzuri kwa matamshi na mifano, lakini nyingi hazielezi asili. Mimi hupendelea kamusi kubwa ya Oxford. Asiyeweza kuipata atumie Wiktionary, ambayo hupanga maana chini ya kila asili.

Tahadhari ya pili: Merriam-Webster hutoa namba tofauti hata kwa nomino na kitenzi cha shina moja. Ukiona namba tatu, usiseme haraka kwamba kuna maneno matatu. Soma sehemu ya asili. Ikieleza kwamba kitenzi kimetokana na nomino, hayo ni ya ukoo mmoja.

Tahadhari ya tatu ndiyo nzito zaidi: usitunge hadithi ya kuunganisha maana. Mtu aliyekaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, akaona wanaume wawili wamebeba sangara mkubwa kwenye mti mabegani, akisikia kwamba perch ni samaki na pia ni ufito, ataona jambo limeisha: samaki kapewa jina la mti unaombeba. Inapendeza, lakini si kweli. Dawa yake ni kurudi nyuma hadi maneno yaachane. Perch ya samaki inatoka Kifaransa cha kale perche, kutoka Kilatini perca, kutoka Kigiriki perke, neno linalohusishwa na rangi ya giza au madoadoa. Perch ya ufito nayo inatoka Kifaransa perche, lakini Kilatini chake ni pertica, yaani mti mrefu au fimbo ya kupimia. Waroma hawakuwa na sababu ya kuyachanganya. Yalifanana kinywani mwa Wafaransa: ile -ca ya mwisho ikawa -che, kama vacca, ng'ombe, alivyokuwa vache, na pertica ikapoteza irabu yake ya katikati. Waingereza waliyapokea yakiwa tayari yamefanana, katika karne zilizofuata uvamizi wa Wanormani wa 1066. Mpaka leo Mfaransa huita perche samaki huyo na pia ufito ambao mwanariadha hujirushia nao juu.

Kwa hiyo maneno ni mawili, si matatu.

Hatua ya 4: Fuata matawi ya kila shina

Shina la samaki halina matawi mengi. La ufito linayo. Ufito uliowekwa mlalo ili ndege akae ukazaa kitulio cha ndege, kisha kitenzi cha kutua hapo, kisha kiti chochote cha juu. Ufito wa mpima ardhi ukawa kipimo: urefu wa futi 16 na nusu, kama mita 5.03. Mraba wa urefu huo nao ukaitwa perch. Mraba 40 ni rood moja, na 160 ni ekari moja. Kwa hiyo perch 15 za ile hati ni kama mita za mraba 379. Sri Lanka bado wanauza viwanja kwa kipimo hiki.

Hatua ya 5: Kagua kitu chenyewe

Jina linaweza kuhamia kwa kiumbe kingine. Perch wa asili huko Ulaya ni Perca fluviatilis, samaki mdogo wa mito na maziwa. Sangara wetu, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960, ni Lates niloticus, wa familia nyingine, na anaweza kuvuka kilo 100. Mapishi ya Ulaya yakisema perch tu, bila Nile wala Victoria mbele, usiandike sangara.

Hatua ya 6: Tafsiri

Lebo: minofu ya sangara. Ndege: mnandi wametua juu ya mwamba. Hati: acha perch kama ilivyo, na uweke mita za mraba pembeni.