SOMO: Simu au GPS ya pikipiki? Soma kabla hujatoa hela

Wakuu habari za saizi. Kila wiki lazima mtu aniulize, nataka kusafiri na pikipiki, ninunue GPS (kile kifaa maalum cha ramani cha kufunga kwenye usukani) au simu inatosha? Naandika mara moja tumalizane.

1. Anza na safari, sio kifaa. Dar, Moro, Mikumi, Kitonga mpaka Iringa ni lami mwanzo mwisho, GPS ya hela nyingi ya nini? Ila kama unaacha lami siku tatu nne, huko Chunya na Mpanda ndani ndani, hapo tuongee.

2. Pakua ramani ukiwa nyumbani. Wengi wanadhani simu bila bando haijui ilipo, sio kweli, setilaiti ziko juu kilomita kama 20,000 na simu kazi yake kuzisikiliza tu, kinachokula bando ni picha ya ramani. Weka app ya ramani kama Organic Maps au OsmAnd, shusha Tanzania yote, alafu zima data uone kama inafanya kazi. Ijaribu mtaani kwako, usingoje porini.

3. Simu yako ya kila siku USIIFUNGE kwenye usukani. Mimi nilifunga yangu Dar Iringa kwenda na kurudi, nafika nyumbani nampiga mtoto picha, kamera inatetemeka yenyewe na inalia tiki tiki tiki kama saa mbovu. Fundi akaniambia ndani kuna kilenzi kinachocheza ili picha isitikisike, mtetemo wa injini ndo unakimaliza. Baadae nikaja kujua hata Apple walitoa tahadhari ya pikipiki 2021, na yangu haikuwa hata ya kwao. Holda zenye mpira wa kuzuia mtetemo zipo, zinapunguza, haziponyi.

4. Jua na mvua. Simu ikikaa juani inachemka, inapunguza mwanga, mwisho inazima, na ukiifunga kwenye kile kimfuko cha plastiki ndo unaipika kabisa. Mvua nayo, pale Ruaha Mbuyuni matone yalikuwa yanabonyeza kioo kama vidole, nikicheki ramani iko katikati ya bahari ya Hindi. GPS za pikipiki kama Garmin zumo XT hazina huo ujinga, maji hazijali, glavu zinakubali, juani unasoma vizuri. Shida bei, hela yake unakaribia kupata boda mtumba.

5. Umeme. Chaja ya USB ipitishie kwenye swichi ya funguo na uweke fyuzi, ukiunga moja kwa moja kwenye betri ukasahau simu imechomekwa, asubuhi unasukuma.

Msimamo wangu: nunua simu ya mtumba ya bei chee, isiyo na kamera ya maana, iwe ya ramani tu. Ya kwako ikae mfukoni. GPS waachie wanaozunguka nchi na nchi.

MASWALI YA WADAU

Swali: Hiyo simu ya mtumba bila laini itashika kweli?
Jibu: Inashika mkuu. Ila kama haijawashwa siku nyingi, simama sehemu ya wazi uipe dakika kadhaa, bila mtandao inachelewa kuzipata setilaiti. Usianze kuipiga piga.

Swali: Bro mimi napiga boda hapa Moro mjini, nami nahitaji?
Jibu: Hapana kaka. Mteja akituma lokesheni paki pembeni, angalia, rudisha mfukoni. Kama lazima usikie maelekezo weka eafoni sikio moja, lingine liachie barabara.

Swali: Mbona ramani ilinipeleka njia ambayo ikaishia mtoni?
Jibu: Masika hayo. Daraja likiondoka na maji ramani haina habari, iwe ya simu au ya GPS ya mamilioni. Mimi nikiacha lami nasimamisha dereva wa lori anayetoka ninakoenda, naangalia kwanza matairi yake yana tope kiasi gani, alafu ndo namuuliza.